Tangi Lililoinama Katikati

Jumamosi ile, kabla hata ya saa tatu asubuhi, Bi Sindano alikuwa ameshabadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu, na hilo hakulifanya hata siku alipomwoza binti yake. Mwanawe alimsubiri mlangoni na kisanduku cha karatasi mikononi, amekishika kama mtu aliyebebeshwa mayai ya jirani.

"Mama, tutachelewa."

"Kwani wanahukumu nini hao?"

"Si hili behewa."

"Na behewa unalo wewe. Basi wataanzaje bila sisi?" Akakifunga kitambaa cha bluu, akajitazama kwenye kioo, akaridhika. "Haya, twende."

Ndani ya kisanduku mlikuwa na behewa la tangi, yale ya kubebea mafuta, jeusi, lenye namba nyeupe ubavuni, ngazi mbili, na kifuniko cha juu kisichozidi punje ya dengu. Kwa urefu lilikuwa sawa na kalamu ya wino. Behewa halisi lilipunguzwa mara themanini na saba, na hakuna kilichosahauliwa, hata mkono wa breki. Aliyelichora ni mwanawe, kwa kampuni ndogo inayotengeneza mabehewa ya kuchezea. Neno hilo la kuchezea tunalitumia sisi hapa; ukilitamka mbele ya wenyewe utatafuta mlango wa kutokea.

Behewa lilikuwa limeingia madukani wiki mbili zilizopita, na leo Chama cha Wapenzi wa Reli Ndogo kilikuwa kinakaa kulihukumu. Swali lao lilikuwa moja tu: linafanana na behewa la kweli, au halifanani? Wakilipa alama sabini kwenda juu, linapita. Chini ya hapo wanaandika kwenye jarida lao "si halisi", na wanunuzi wa vitu hivi ni watu wasio na simile. Hawalishiki tena hata kwa bure. Kampuni ilikuwa inasubiri hukumu hiyo. Likipita, kijana angepewa kuchora msafara mzima, mabehewa mengine matano na injini yake. Lisipopita, meza yake ya kuchorea angepewa mtu mwingine, na walishamwambia hivyo bila kumung'unya maneno.

Bi Sindano naye alikuwa na lake humo. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya mabehewa, na kazi yake ilikuwa kuingia ndani ya matangi na kuyaosha. Jina la Sindano alipewa huko, kwa sababu mdomo wa tangi ulikuwa mwembamba na wanaume walikuwa wakivuta pumzi, wakikunja mabega na kulaani, wakati yeye alipita na ndoo yake mkononi. Basi mwanawe alipoanza kulichora behewa hili alimketisha mama yake jikoni jioni tatu mfululizo, akamuuliza mambo ya tangi, na mama akamweleza. Jambo moja alilomweleza halikuwa kwenye karatasi yoyote: matangi yale hayakunyooka kama bomba. Yaliinama katikati, kidogo sana, usingejua kwa kutazama. Kijana akalichora limeinama. Kwa hiyo likihukumiwa vibaya kwa ajili ya hilo, neno la Bi Sindano ndilo litakaloanguka, na litamwangukia mwanawe kichwani. Alilijua hilo vizuri, ndiyo maana ya vitambaa vitatu.

Chama kilikutana kwenye chumba cha juu ya duka la kutengeneza baiskeli. Reli nyembamba ilizunguka kuta zote nne kwenye rafu, ikapita juu ya mlango kwa daraja la vijiti, ikaingia kwenye shimo lililotobolewa kabatini na kutokea upande wa pili. Watu wazima kumi na wawili walikuwa wameizunguka meza ndefu, kila mmoja na lenzi yake, wengine wameivaa kichwani. Bi Sindano aliwatazama akaona wamevaa sura za watu waliofiwa. Baadaye alielewa kuwa hiyo ndiyo sura yao ya furaha.

Mwenyekiti alikuwa mfamasia mstaafu, mtu wa tumbo kubwa na vidole vyembamba, aliyetumia maisha yake kuhesabu vidonge na hakuwahi kukosea hata kimoja. Katibu alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, mwembamba, mwenye daftari. Mwenyekiti akasoma kanuni. Mchoraji wa behewa haruhusiwi kusema lolote mpaka hukumu itoke. Anaruhusiwa kuleta shahidi mmoja anayelijua behewa halisi, na shahidi atasema akiulizwa.

"Shahidi ni nani?"

"Ni mimi," akasema Bi Sindano.

"Karibu sana, Mama. Ulikuwa mhandisi?"

"Nilikuwa naosha matangi."

Kule nyuma mtu alikohoa kikohozi chenye kicheko ndani yake. Mwanawe akainamisha kichwa. Bi Sindano akakaa wima zaidi kwenye kiti chake, akajipangia kumkumbuka mkohozi huyo kwa sura.

Wakaanza. Magurudumu yakapimwa kwa kipimo cha chuma chenye meno mawili. Vidato vya ngazi vikahesabiwa: saba, sawasawa na picha. Vali, minyororo, namba, unene wa herufi za namba, vyote vilipita kwenye lenzi kumi na mbili na kila kimoja kikajadiliwa mpaka Bi Sindano akaanza kuwapenda. Hajawahi kuona watu wakigombania urefu wa mpini wa breki kwa uchungu kiasi hicho. Kule karakana mpini ukivunjika walikuwa wanachomelea bomba lolote lililo karibu, basi. Alama zilikuwa zinapanda vizuri. Kwa vitu vyote vya nje, ukiacha umbo la tangi lenyewe, behewa lilipata hamsini na nane kati ya sabini. Umbo lilikuwa na alama thelathini peke yake. Zilihitajika kumi na mbili tu.

Ndipo Mwenyekiti akaligeuza behewa miguu juu, akachukua rula ya chuma, akailaza kwenye tumbo la tangi.

Rula ikachezacheza, huku na huku, ikakataa kutulia. Akaiinua, akailaza tena. Tumbo lilikuwa limetokeza katikati.

"Limepinda," akasema.

Wakaleta mengine matano, yaliyonunuliwa kwenye maduka tofauti. Yote vilevile. Rula ilicheza juu ya kila moja.

"Plastiki imelegea kwenye kalibu," akasema Mwalimu, huku kalamu ikiwa tayari. "Wameyatoa yakiwa bado ya moto. Umbo, sifuri. Hamsini na nane."

Kanuni ilimfunga mwanawe mdomo, na macho yake yote yalikuwa kwa mama yake. Bi Sindano akanyanyua mkono.

"Nimeulizwa?"

"Unaulizwa, Mama," akasema Mwenyekiti.

"Halijapinda. Limeinama. Ndivyo lilivyo."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Akakunjua mchoro mkubwa wenye muhuri, akaugeuza upande wake, akamwonyesha mstari wa chini ya tangi. "Tazama hapa, Mama. Mstari umenyooka."

"Ninauona. Hayo ni yale ya mwanzo. Yalikuwa yanatutesa! Wakifungulia mafuta, yanabaki pande zote, unaingia na kopo unayachota kama unachota maji kwenye mtumbwi. Tulilalamika weee, mpaka yakaja mengine, hayo ya namba za sitini kwenda mbele. Yameinama, mafuta yanashuka yenyewe katikati kwenye tundu. Angalia, hili lenu namba sitini na tatu. Mchoro hawakubadilisha, nani abadilishe? Aliyekuwa ofisini hakuwahi kuingia ndani."

"Kuna karatasi inayosema hivyo?"

"Karatasi ni mimi."

Mkohozi wa nyuma akakohoa tena. "Kwa hiyo tutatoa alama kwa hadithi," akasema.

Hapo damu ya Bi Sindano ikachemka. Aliweza kuvumilia kuambiwa amesahau, kwa kuwa uzee unaruhusu. Kuambiwa amesimulia hadithi hakuweza. Aliyatambaa matangi yale kwa magoti miaka ishirini na miwili. Magoti yenyewe bado yalikuwa na sugu.

"Tangi lenyewe lipo," akasema. "Hapo nyuma ya soko, mwendo wa robo saa. Wanaolitaka wanifuate. Wanaotaka kukohoa wabaki."

Karakana ya zamani sasa ilikuwa yadi ya kutengeneza malori. Mlinzi alimtambua Bi Sindano kutoka mbali, akafungua geti bila kuuliza kitu. Tangi lilikuwa kule mwisho, limeondolewa kwenye magurudumu na kulazwa juu ya ukuta wa matofali uliolikumbatia tumbo lote, ila pale katikati, kwenye tundu la kutolea, walipoacha nafasi ya vali. Juu lilikuwa limefunikwa mbao za kukanyagia. Kwa miaka lilikuwa ghala la maji ya kuoshea malori, mpaka vali ikafa, na sasa lilikuwa tupu. Namba ubavuni ilikuwa imefifia ila ilisomeka: sitini na saba. Wapenzi wa reli waliigusa kwa heshima. Wengi wao, kumbe, hawakuwahi kuligusa la kweli.

Kwa nje hapakupimika. Matofali chini, mbao juu. Ilibidi mtu aingie.

"Ni kazi ya Mwenyekiti," akasema mfamasia kwa ushujaa, akavua koti na kupanda ngazi. Miguu ikaingia mdomoni, magoti yakaingia, makalio yakaingia kwa kubembelezwa. Tumbo likakataa katakata. Akavuta pumzi, likakataa. Akapumua, likakaza zaidi. Ilibidi Mwalimu na mlinzi wapande wamshike makwapa na kumng'oa, na vifungo viwili vya shati vikadondoka ndani vikilia ting, ting.

"Umeacha ushahidi," akasema Bi Sindano.

Mwalimu alikuwa mwembamba wa kutosha, ila alitamka wazi kwamba hata kwenye lifti hapandi. Wengine wakaanza kuangalia saa zao. Bi Sindano akajifunga kanga kiunoni, akavua viatu na kuvipanga pembeni.

"Mama, una miaka sitini na sita," mwanawe akamnong'oneza.

"Na mdomo wa tangi una upana uleule. Shika ndoo."

Lakini hakuingia papo hapo. Hapo ndipo walipomwona akibadilika. Sauti ilishuka, mikono ikawa haina papara, na watu wazima wale wakajikuta wanafanya anachosema. Kifuniko kikaachwa wazi. Vali ya chini ikafunguliwa kwa nyundo. Wakasubiri nusu saa hewa ipite, wakiwa wamekaa juu ya matairi. Kamba ikafungwa kiunoni mwake kwa fundo analolijua yeye, na ncha nyingine akampa Mwenyekiti.

"Wewe ni mtu wa mdomoni," akamwambia. "Kazi yako ni kusema. Husimami, hunyamazi. Mimi nitakuwa najibu. Ukisema mara tatu nisijibu, vuta kamba, ita watu. Ukinyamaza wewe, natoka, na tangi lako utalipima kwa macho."

"Niseme nini?"

"Chochote. Mwenzangu wa zamani alikuwa anasimulia ugomvi wa mawifi zake. Miaka tisa haukuisha."

Akashuka. Mdomo ulimpokea kama zamani, bega moja kwanza, halafu la pili. Miguu ikagusa chuma, na baridi ya chuma ikapanda mpaka kifuani, naye akacheka peke yake gizani. Hakutegemea kufurahi. Alidhani atasikia uchovu wa zamani, au ile aibu ndogo ya kurudi nyumbani unanuka na watoto wa wahandisi wanaziba pua. Haikuwepo. Kilichokuwepo ni kwamba alizijua kona zote za nyumba hii, na huko nje palikuwa na watu wenye lenzi wanaosubiri aseme.

"Kanuni ya kwanza," sauti ya Mwenyekiti ikanguruma juu. "Chama hiki kitaitwa..."

"Nakusikia!"

Aliwasha tochi, akaomba ndoo ya maji na kopo viteremshwe kwa kamba. Akatambaa mpaka mwisho wa kulia akiwa na kopo la maji, akalimwaga sakafuni taratibu. Maji yakakaa kidogo, kama yanafikiri, kisha yakaanza kwenda. Yakafuata mshono wa chuma, yakashika njia moja kwa moja hadi katikati, yakazama kwenye tundu.

"Yametoka!" watu wa nje wakapiga kelele. "Yanatoka hapa kwenye vali!"

"Ngoja," akasema. Maana mtu mjanja angesema tangi limelazwa upande. Akachota kopo la pili, akatambaa mpaka mwisho wa kushoto, akamwaga. Maji yakageuza safari, yakaja kutoka upande huo mwingine, yakaingia kwenye tundu lilelile. Nje wakapiga makofi. Alimsikia hata mkohozi, anapiga makofi ya nguvu kuliko wote, na akamsamehe nusu.

Mwenyekiti alikuwa amefika kanuni ya kumi na moja na zikamwishia. Kimya kikaning'inia pale juu.

"Natoka!" Bi Sindano akatishia.

"Hapana, hapana! Mke wangu," akasema Mwenyekiti kwa haraka, "mke wangu amekataa reli ipite jikoni. Nimemwomba sentimita kumi tu, juu ya jiko..."

"Ana haki!"

"Ana haki vipi, Mama? Mvuke wa sufuria ungependeza kama ukungu wa milimani."

Wakaendelea hivyo, na Bi Sindano akamwita mwanawe ashuke na uzi na futi. Kijana alikuwa amerithi mabega yake; akapita. Alipofika chini mama akamulika miguu yake.

"Vua viatu. Hapa ni kazini."

Akavua. Akabaki ameinama, maana kusimama wima hakuweza, akazungusha tochi kwenye chuma chekundu, kwenye mishono, kwenye duara la mwisho kule mbali. Hakuwahi kuingia humu. Alilichora tangi hili kwa miezi minne na aliijua kila milimita ya ngozi yake ya nje.

"Ulikuwa unakaa humu siku nzima?" akauliza.

"Mawili kwa siku. Shika huo uzi."

Wakauvuta uzi sakafuni kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ukakazwa vizuri kwa vigongo vya mbao. Kule miishoni uligusa chuma. Katikati ulielea hewani. Kijana akapiga magoti, akashusha futi kutoka kwenye uzi mpaka sakafuni, akasoma. Akaiondoa, akaishusha tena, akasoma tena. Bi Sindano akamwona uso unamshuka.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Sentimita?"

"Sentimita."

"Na wewe ulichora ngapi?"

Juu yao Mwenyekiti alikuwa anaeleza kuhusu jiko la gesi.

"Nakusikia!" Bi Sindano akamjibu bila kugeuka. "Ulichora ngapi, mwanangu?"

"Sita."

"Na mimi nilikwambia nini?"

"Ulisema maji yakibaki humu, pale katikati yanakufika juu ya kifundo cha mguu vidole viwili, na mwenzako kule mwisho miguu mikavu."

Bi Sindano akausogeza mguu wake kwenye futi iliyosimama. Kifundo, na vidole viwili juu yake. Kumi na mbili na nusu, haikupungua wala kuzidi.

"Nilidhani umetia chumvi kidogo," kijana akasema. "Nikaogopa. Nikadhani nikilichukua neno lako zima, watasema limepinda."

"Na wamesema limepinda."

"Wamesema."

"Kwa hiyo uliniamini nusu."

Alilisema bila hasira, ila lilimuuma, na hakuficha kuwa limemuuma. Kijana akafuta uso kwa mkono wenye kutu, akabaki na mstari mwekundu shavuni.

"Mama!" Mwenyekiti akaita. "Vipimo vipi huko? Namba!"

Kutoka pale juu Mwenyekiti aliona migongo miwili na mwanga wa tochi tu. Futi hakuweza kuisoma. Hakuna mwingine katika wale kumi na wawili ambaye angeingia humu kuhakikisha, si leo wala kesho. Bi Sindano alilijua hilo, na mwanawe alilijua. Ilikuwa imeandikwa kwenye macho yake. Akisema sita, behewa lina alama thelathini za umbo, zote, na msafara mzima ni wa kijana. Akisema ukweli, haijulikani watakata ngapi. Mtu aliyeita sifuri kwa sababu ya rula inayochezacheza anaweza kuita sifuri nyingine.

Kijana alifungua mdomo. Huenda alitaka kumwomba, huenda alitaka kumzuia. Bi Sindano akamwekea kiganja mdomoni, kwa sababu mchoraji haruhusiwi kusema mpaka hukumu itoke.

"Kumi na mbili na nusu!" akapaza sauti, na tangi likaichukua sauti yake na kuikuza. "Lenu hilo dogo limeinama sita tu. Ni nusu. Aliyelichora aliogopa kelele zenu. Andika!"

Palikuwa na mashauriano huko juu. Walisikia karatasi, walisikia Mwalimu akizidisha na kugawanya kwa sauti, na mtu akisema kwamba kwa kweli hilo ni kosa kubwa, halijainama kiasi cha kutosha, na mwingine akimkumbusha kwamba asubuhi hiyohiyo yeye ndiye aliyelalamika kwamba limeinama. Bi Sindano alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa tangi, kamba kiunoni. Mwanawe akakaa ubavuni mwake, miguu peku karibu na ya mama yake, na ilikuwa wazi kabisa kwamba miguu ile imetoka mahali pamoja.

"Mama!"

"Nakusikia!"

"Nusu ya umbo, nusu ya alama. Kumi na tano. Jumla sabini na tatu. Limepita!" mfamasia akatangaza. "Na mchoro wetu tunaufuta. Tunaomba utupe vipimo vya ndani vyote, kama hujachoka. Tutaandika jina lako na kazi yako kwenye jarida. Tuandike kazi gani? Mtaalamu wa matangi?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Andika mwosha matangi."

"Mwosha matangi," Mwenyekiti akarudia polepole, kama mtu anayeandika, na akaendelea kusema, kwa sababu hakuthubutu kunyamaza.

Kijana alikuwa ameshika tochi, ameielekeza kwenye uzi. Alama zilikuwa zimetosha, ila alikuwa mtoto wa hesabu pia, na hakuweza kujizuia.

"Ungesema sita, Mama, tungepata themanini na nane."

Bi Sindano akamgeukia. Alijivuna, na akaacha kijana auone uso wake wote, bila kuupunguza.

"Na mimi ningekuwa nimeosha tangi gani miaka ishirini na miwili?" akasema. "Haya, shusha futi. Tuanze mwisho ule."